Musenji, makako, mukimbizi: matukano yetu yametoka wapi?



Katika kikundi kimoja cha AVEC hapa Mumosho, kikundi cha watu 25 (kijiji sitataja wala majina, wenyewe watajijua), kulitokea maneno. Mwezi wa nne baba mmoja alichelewa mkutano, akakuta sanduku limeshafungwa kwa funguo zote tatu na wenye funguo wanajitayarisha kwenda shambani. Akatupa tukano moja la Kilingala, lile la sehemu za mwili ambalo kila mtu wa Bukavu analijua. Bamama wengine wakacheka, wengine wakafunika mdomo. Sheria namba saba ya kikundi inasema anayetukana mwenzake mkutanoni alipe amande ya franka 500. Baba akalipa, akaomba pole, mambo yakaisha.

Mwezi uliofuata walikuwa wanachagua mtu wa kushika kitabu cha hesabu. Mama mmoja akamgeukia mwenzake aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, kule Tanzania, akamwambia: "Weye mukimbizi, ulirudia na mikono mitupu, sasa njo unataka kutuongoza?" Yule mama akasimama, akauliza: amande iko wapi? Komite ikajitenga pembeni kama dakika kumi, ikarudi na jibu: "Mukimbizi haiko tukano. Ni ukweli. Si alikimbia?" Mama akaomba hisa zake, akahesabiwa, akatoka.

Mimi nilikuwa pale, nimetumwa na shirika kufuata kikundi, kalamu mkononi. Sikusema kitu. Usiku ule sikulala vizuri, na habari hii ninayoandika imetoka katika usiku ule. Kwa nini neno la nyama lilipishwa 500, na neno lililomfukuza mtu katika kikundi likapita bure?

Wazee niliowauliza walianza wote na maneno ya mwili, basi na mimi nianzie hapo, ingawa si hapo penye uzito. Bukavu matukano mengi ya mwili hayasemwi kwa Mashi. Yanasemwa kwa Kilingala. Sababu yake ni ya kihistoria: Kilingala kilikuwa lugha ya Force Publique, jeshi la Wabelgiji, na baada ya uhuru kikabaki lugha ya jeshi la Mobutu. Kwetu kililetwa na watu wa kambi Saio, na watu wa barabarani waliokuwa wanaomba "kitu kidogo" huku wameshika bunduki. Mtoto wa Mushi alisikia Kilingala kwanza kikimfokea baba yake. Njo maana mpaka leo, mtu wa Mumosho akitaka kutukana bila kubeba mzigo wote wa tukano, anaazima Kilingala. Maneno yaleyale ukiyasema kwa Mashi mbele ya mama mkwe wako, utatafuta mahali pa kuweka uso mwaka mzima. Muzee mmoja aliniambia kwamba Kilingala ni kama koti la kuazima, ukilichafua halikuumizi sana.

Vijana nao walijitengenezea lao. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa lugha Didier Goyvaerts aliandika juu ya Indoubil ya Bukavu, ile lugha ya vijana iliyochanganya Kiswahili, Kilingala na Kifaransa. Wazee waliisikia kama lugha ya matukano matupu. Kwa vijana ilikuwa mchezo, na tukano kati ya marafiki wawili lilikuwa alama kwamba ni marafiki. Wenzetu waliokaa Tanzania wanajua jambo linalofanana na hilo: kule kuna utani, ambapo watu wa makabila fulani wanaruhusiwa kutupiana maneno makali, hata msibani, na hakuna anayekasirika. Waliporudi huku wengine walijaribu utani huo kwa majirani. Haukupokelewa vizuri.

Na kanisa lilifanya kazi yake. Mapadri Weupe walifika Nyangezi, jirani zetu, mwaka wa 1906, na tangu hapo kutukana kukawa kitu cha kupeleka katika maungamo. Bibi yangu (ninasema bibi kwa maana ya wazee, mama ya baba, si mke) aliungama matukano yake kila mwezi. Lakini alinieleza kwamba alikuwa anaungama maneno machafu tu. "Kumuzarau mutu" hakukuungama hata siku moja, juu hakujua kama ni zambi.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Maneno yaliyoumiza watu wa nchi hii miaka mia na zaidi hayakuwa machafu. Yalikuwa safi kabisa, unaweza kuyasema mbele ya askofu.

Chukueni "musenji". Neno hilo lilitoka pwani. Kule Zanzibar na miji ya mwambao, watu walijigawa waungwana na washenzi: muungwana ni mtu wa mji, wa dini, wa kanzu, na mshenzi ni yule wa bara. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliingia nalo Kongo. Mkubwa wao, Tippu Tip, mwaka wa 1887 alipewa na serikali ya Léopold cheo cha gavana wa Stanley Falls, pale panapoitwa leo Kisangani. Watu waliowafuata wakajiita Wangwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana, jina ambalo wazungu walilitumia muda mrefu kwa Kiswahili chetu sisi wa mashariki. Angalieni basi: lugha yenyewe tunayosema ilipewa jina la mmoja wa pande mbili za tukano. Upande wa pili ulibaki kwa babu zetu.

Wabelgiji walilikuta neno na wakaliona linafaa. Katika vitabu vyao na midomoni mwao, "basenji" wakawa watu wa kijijini, wasiovaa viatu, wasiojua Kifaransa. Hata mbwa wa Kongo wasiobweka waliopelekwa Ulaya waliitwa Basenji, na jina hilo wanalo mpaka leo katika maonyesho ya mbwa ya Uingereza tangu miaka ya 1930. Aina ya mbwa yenye heshima zake na bei yake. Nilipomweleza mama yangu alicheka mpaka machozi, kisha akanyamaza.

Lakini baya zaidi ni kwamba neno hili halikubaki mdomoni mwa mzungu. Mwaka wa 1948 serikali ya koloni ilianzisha karatasi ya "mérite civique" kwa Mkongomani aliyeonekana amestaarabika, na mwaka wa 1952 ikaja "immatriculation", ya juu zaidi. Ili uipate, watu wa kamati walikuwa wanakuja nyumbani kwako kutazama: unakula namna gani, watoto wamelala wapi, mke wako anazungumza nini. Waliopata walikuwa wachache sana. Waliotamani walikuwa wengi, na kila aliyetamani alihitaji mtu wa kuonyesha kwamba si yeye. Njo hapo musenji likawa neno la Mkongomani kwa Mkongomani, la mtu wa Bukavu kwa mtu wa Mumosho aliyepanda na mzigo wa ndizi sokoni. Nilipokuwa shuleni, miaka ya hivi karibuni tu, mtoto aliyesema Mashi darasani alivalishwa "symbole" shingoni, kipande cha ubao, mpaka amkamate mwenzake akisema. Hatukuita hiyo tukano. Tuliita nidhamu.

Neno la pili ni "makako", nyani. Ninataka kuligusa kwa sababu ya mwanaume mmoja aliyethubutu kulipeleka jambo la matukano mahali pa juu kabisa. Tarehe 30 Juni 1960, katika Palais de la Nation, mbele ya mfalme Baudouin, Patrice Lumumba alipohesabu mateso ya ukoloni, hakuanza na kuhesabu dhahabu na shaba. Alitaja kazi ngumu ya mshahara mdogo, kisha akataja kejeli, matukano na mapigo ya asubuhi, mchana na jioni. Na akataja kitu kidogo ambacho watu wengi wa Ulaya hawakuelewa kina maana gani: kwamba mtu mweusi aliitwa "tu", si kama rafiki anavyoitwa, lakini kwa sababu "vous" ya heshima ilikuwa ya wazungu peke yao.

Ninarudia hapo mara nyingi. Neno "tu" haliko tukano katika kamusi yoyote. Mtoto anamwambia mama yake. Lakini Lumumba aliliweka katika orodha moja na fimbo, na watu waliokuwa wanasikiliza redioni walijua mara moja anasema nini.

Sisi pia tuna "tu" yetu. Hapa kwetu humwiti mtu mzima kwa jina lake tupu, unasema mama Fulani, papa Fulani, muzee. Na Kiswahili chetu kina silabi moja inayofanya kazi ya tusi zima: "ka". Kamwana ni mtoto unayempenda. Lakini "kale kabibi", "kale kamutu", ukisema kwa sauti fulani, umemshusha mtu mpaka chini ya meza, na hakuna jaji atakayekukamata kwa sababu ya silabi. Waliorudi kutoka Tanzania wanaumia upande mwingine: kule walizoea kusema "naomba chumvi", hapa wanasikia "leta chumvi" na wanafikiri wametukanwa. Wenyeji wanasikia "naomba" yao na wanasema hawa wanajifanya. Hakuna aliyetukana, na wote wawili wanaenda kulala wamekasirika.

Mobutu nitampita haraka. Alifuta "monsieur" na "madame", sote tukawa "citoyen" na "citoyenne", sawasawa kwa sheria. Wazee wanasema askari alikuvua pesa huku anakuita citoyen.

Sasa neno letu, mukimbizi.

Neno hili kwa asili halina ubaya. Ni mtu aliyekimbia. Kivu iliwajua wakimbizi zamani: baada ya 1959 Wanyarwanda wengi walivuka mpaka wakakaa huku. Lakini maana ya leo, ile inayochoma, mimi ninaamini ilizaliwa Julai 1994. Siku zile baada ya mauaji ya kimbari watu mamia ya elfu walivuka Ruzizi kuingia Bukavu na kandokando yake. Kambi zilifunguliwa Panzi, Inera, Kashusha na mahali pengine. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka yote: miti iliyokatwa, bei ya nyumba iliyopanda, unga wa msaada uliouzwa sokoni, na katikati ya watu wasio na hatia, wanajeshi na interahamwe wenye silaha. Miaka miwili "mukimbizi" hapa alikuwa mtu wa nchi nyingine, mwenye kadi, anayekula bure, ambaye hujui ameficha nini. Kisha Oktoba 1996 vita ikaja kwa kisingizio cha kambi hizohizo. Bukavu ikaanguka, askofu mkuu Munzihirwa akauawa tarehe 29 mwezi ule, na sisi wenyewe tukakimbia.

Tulikimbia 1996, wengine tena 1998, wengine tena 2004 wakati mji ulipochukuliwa. Wengine walifika Panzi tu, wengine Bujumbura, wengine Nyarugusu, wengine Nakivale kule Uganda. Na waliporudi, neno lililowangojea mlangoni lilikuwa lile la 1994, pamoja na kila kitu kilichobandikwa juu yake. Mama wa AVEC alipomwambia mwenzake "mukimbizi", hakusema kwamba alikimbia. Alisema: weye si wa hapa, umezoea kula bure, na pesa zetu huwezi kushika. Watu wote 25 walisikia hivyo. Komite ilisikia hivyo. Wakachagua kusikia kamusi.

Kwamba neno linaweza kuwa "kweli tu" na bado likaua, nchi yetu ina ushahidi. Agosti 1998, mwanzo wa vita ya pili, Yerodia Abdoulaye Ndombasi, mkubwa katika serikali ya Kinshasa, alisema hadharani maneno ambayo jaji wa Ubelgiji aliyahesabu kuwa uchochezi wa chuki dhidi ya Watutsi, wakati watu walikuwa wanawindwa mitaani. Jaji alitoa hati ya kumkamata tarehe 11 Aprili 2000. Kongo ilipeleka kesi La Haye, na tarehe 14 Februari 2002 mahakama ikaamua kwamba Ubelgiji ilikosea, kwa sababu alikuwa waziri wa mambo ya nje na alikuwa na kinga. Juu ya maneno yenyewe mahakama ile haikuamua kitu. Upande wa Rwanda, wakubwa wa redio RTLM na wa gazeti Kangura walihukumiwa Arusha tarehe 3 Desemba 2003 kwa maneno waliyotangaza na kuandika. "Inyenzi", mende, nalo ni neno ambalo unaweza kulisema kanisani.

Na karibu zaidi, "mulozi". Mwaka wa 2021 kule Kalehe wanawake waliuawa baada ya kutajwa kuwa walozi na wale wanaoitwa bajakazi. Aliyewataja hakutukana, hata neno moja chafu hakutumia. Ukimuuliza atakwambia: nilisema ukweli.

Sheria ya nchi, kwa mshangao wangu, iko upande wa mama yetu kuliko upande wa komite. Kodi penali ni ya zamani, ya tarehe 30 Januari 1940, iliandikwa na haohao waliotuita makako. Kifungu cha 75 kinamuadhibu anayemtukana mtu hadharani: siku nane mpaka miezi miwili. Lakini kifungu cha 74, kinachokuja mbele yake, kinamhusu anayemtupia mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo maalum linaloweza kuvunja heshima yake au kumfanya adharauliwe na watu: siku nane mpaka mwaka mzima. Someni tena. Anayesema neno chafu, miezi miwili. Anayesema "jambo", mwaka. Sisemi watu wapelekane mahakamani kwa sababu ya AVEC, Mungu apishie mbali, tungemaliza sanduku kwa kulipa maavoka. Ninasema tu kwamba "si ni kweli?" halikuwa jibu hata kwa Wabelgiji.

Tena katika habari ya wakimbizi kuna mkataba wa OUA wa tarehe 10 Septemba 1969. Kifungu chake cha tano kinasema aliyerudi kwa hiari yake asiadhibiwe kwa namna yoyote kwa sababu ya kuondoka, na nchi yake impe haki zote za raia. Kwa mkataba huo, yule mama alipovuka mpaka kurudi na kukaa kwao, ukimbizi wake uliisha. Kwa hiyo komite haikusema hata ukweli.

Niliyasema hayo yote kwa komite mwezi uliopita, nikiwa nimechelewa sana. Walisikiliza vizuri. Wakakubali kuandika upya namba saba kabla ya kugawana: atakayemwita mwenzake kwa jina la kumtoa katika kikundi, kama mukimbizi, mulozi, musenji, au kwa jina la kabila lake kwa nia ya kumdharau, atalipa 1000, na neno la mwili litabaki 500. Walibishana nusu saa juu ya "kwa nia ya kumdharau", ni nani atakayepima nia. Mama mmoja akasema nia inasikika sikioni, haihitaji mizani. Hiyo ikapita.

Kisha muzee mmoja, hajawahi kukimbia hata siku moja, akainua mkono, akaniuliza mimi: "Na ninyi ba shirika? Siku ya kugawa mbegu ni nani alishika mikro akasema bakimbizi bapange huku, wenyeji bapange kule?"

Alikuwa mwenzangu. Na mistari ile miwili ilitokana na fomu yetu, ambayo ina safu ya "retourné" na safu ya "autochtone", kwa sababu ripoti inayokwenda kwa wafadhili inadai idadi ya kila upande. Wafadhili wetu wapendwa, ninaandika hili bila kuwalaumu. Hesabu mnaihitaji, ninaelewa, na bila ile safu huenda mbegu zisingefika kabisa. Lakini uwanjani safu ile inakuwa mstari wa watu, na watu wanasimama katika jua wakitazamana. Majina tunaweza kuyaandika kimya, nyumba kwa nyumba. Mikro si lazima.

Yule mama hajarudi katika kikundi, ingawa wamemtumia ujumbe mara mbili. Jumapili nilimkuta sokoni anauza sombe. Tulisalimiana, nikamweleza juu ya namba saba. Akafunga fungu la mteja, akapokea pesa yake, kisha akaniuliza kama ile safu bado iko kwenye fomu.

Bado iko.